Kabla hujagonga muhuri wa "imara": jinsi ya kujaribu kiwango cha telemetria kwenye lugha kadhaa

Haya wakuu, hii ni kwa wale mnaoandika viwango vya telemetria (data ambayo programu inatoa kuhusu utendaji wake), yaani mnaoamua metriki (kipimo cha namba) iitweje, spani (rekodi ya kazi moja) ianzie wapi na iishie wapi, sifa (maelezo yanayoambatana na data hizo) zipi ni za lazima, halafu timu za Java, Go, Python na wengine ndo wanaenda kutekeleza. Kama wewe ni mtumiaji tu wa telemetria unaweza kusoma pia, utajua kwa nini jina la metriki yako lilibadilika siku moja dashibodi ikabaki tupu.

Shida yenyewe iko hivi. Kiwango kikiwa kwenye karatasi huwa kinapendeza, kila mtu kwenye kikao anatikisa kichwa, mnakubaliana, mnaandika "imara" juu ya ukurasa, yaani hakitabadilika tena. Halafu anakuja mtu wa lugha nyingine anasema samahani, hii kitu huku kwetu haiwezekani, na hapo ndo unagundua kwamba mlikuwa mnajadili lugha moja tu muda wote bila kujua, ile ambayo mwandishi anaijua vizuri. Imenikuta, tena mwandishi nilikuwa mimi.

Na ukishasema imara, maji yakimwagika hayazoleki. Kichwa cha HTTP kinachoitwa Referer kimekosewa tahajia tangu miaka ya 1990, kilitakiwa kuwa na r mbili pale katikati, na mpaka leo kila kivinjari kinatuma kosa lile lile kwa uaminifu mkubwa. Kwenye telemetria mfano wa karibu zaidi ni OpenTelemetry, mradi wa viwango na laibrari za telemetria uliozaliwa 2019 baada ya miradi ya OpenTracing na OpenCensus kuungana. Majina yao ya mambo ya HTTP yalikaa kwenye hali ya majaribio muda mrefu, watu wakaanza kuyatumia hivyo hivyo, na yalipokuja kutangazwa imara Novemba 2023 `http.method` ilikuwa imeshakuwa `http.request.method`, `http.status_code` imekuwa `http.response.status_code`, `http.url` imekuwa `url.full`, na metriki ya muda imehama kutoka milisekunde kwenda sekunde. Ikabidi pawepo swichi maalum, `OTEL_SEMCONV_STABILITY_OPT_IN`, ukiiwekea `http` unapata majina mapya peke yake, ukiiwekea `http/dup` unapata ya zamani na mapya kwa pamoja ili uhame taratibu. Na hapo kumbuka yalikuwa bado ni ya majaribio, sasa piga picha yangekuwa yameshapigwa muhuri.

Kwa hiyo twende hatua kwa hatua. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mpaka mwisho, nikiusimulia kana kwamba timu yetu iliufanya: tunataka kiwango cha kupima muda ambao kazi inasubiri kwenye foleni kabla haijashughulikiwa. Mtumaji anaweka kazi, mpokeaji anaichukua, tunataka metriki moja (tuiite `job.queue.wait`) na tresi (mlolongo wa spani za kazi moja) inayounganisha pande mbili. Unaonekana ni mfano mwepesi kabisa, ndo maana nimeuchagua.

Hatua ya 1: andika mswada mfupi, na uandike maswali ndani yake

Ukurasa mmoja au miwili inatosha. Tofautisha yale ya lazima, yale yanayopendekezwa na yale ya hiari, maana kila sentensi ambayo haijulikani iko kundi gani itasomwa tofauti na kila timu. IETF, shirika la viwango vya intaneti, walishaweka utaratibu wa maneno haya kwenye waraka wao RFC 2119 mwaka 1997, na wewe chagua maneno yako ya Kiswahili au ya lugha yoyote mnayoandikia halafu usiyabadilishe njiani.

Kitu ambacho wengi hawafanyi: yale usiyokuwa na uhakika nayo yaandike palepale kama maswali. "Muda upimwe kwa sekunde au milisekunde?" "Kazi ikirudishwa kwenye foleni baada ya kufeli, saa inaanza upya?" Prototaipu (utekelezaji wa kujaribia kwenye lugha chache) zinakwenda kujibu maswali haya, na kama mswada hauna swali hata moja basi labda hujaufikiria vizuri, au unataka tu kupitishiwa.

Hatua ya 2: chagua lugha zitakazokugomea

Hii ndo hatua muhimu kuliko zote na ndo ambayo watu wanaipitia haraka. Ukichukua Java, Kotlin na Scala ukasema umejaribu lugha 3, umejidanganya mwenyewe, umejaribu mashine moja, JVM ambayo kwa kawaida zote zinaendeshwa juu yake, mara tatu. Unatafuta lugha ambazo zinapingana kwenye yale mambo ambayo kiwango chako kinayagusa.

Kwenye telemetria mambo yanayogombanisha ni machache na yanajulikana. La kwanza ni muktadha, yaani programu inajuaje kwamba spani hii ni mtoto wa ile. Java kijadi inaubeba kwenye thredi, Go haina uficho wowote wa hivyo, unapitisha `context.Context` kama kigezo cha kwanza cha kila fanksheni, Python ina `contextvars` tangu toleo la 3.7, Node ina `AsyncLocalStorage`, .NET ina `AsyncLocal`, na PHP kwa kawaida inaanza na hali mpya kila ombi kwa hiyo nusu ya maswali yako kwake hayana maana kabisa. Sasa ukiandika kwenye speki (maandishi ya kiwango chenyewe) "laibrari itachukua spani iliyo hai kwa sasa", mtu wa Go atakuuliza "kwa sasa" ni wapi, na ana haki.

La pili ni namba. JavaScript namba zake za kawaida ni desimali za biti 64, namba kamili unayoweza kuiamini inaishia 9007199254740991. Muda wa sasa kwa nanosekunde tangu 1970 ni namba ya tarakimu 19, imeshapita hapo zamani, na ukiulazimisha kwenye namba ya kawaida inaruka kwa hatua za 256. Yaani unaandika nanosekunde halafu unapata kitu kilichokadiriwa. Java nayo haina namba zisizo na alama ya hasi kama aina ya kawaida ya biti 64, Python namba kamili hazina mwisho, kila mmoja na lake.

La tatu ni aina za data: nani anajua kwamba kitu hakipo, na nani anachanganya na kitu tupu. La nne ni jinsi API (sehemu ya laibrari ambayo kodi ya wengine inaiita) inavyokua, nitalifikia mbele.

Mimi chaguo langu la kuanzia huwa Go, JavaScript na mojawapo kati ya Java au .NET. Muktadha wa wazi upande mmoja, thredi moja yenye namba za ajabu upande wa pili, na lugha yenye thredi nyingi na aina kali upande wa tatu. Kama kiwango kinagusa kumbukumbu au kasi ya juu, ongeza Rust au C++. Rust itakuonyesha haraka kama umeandika kitu kinachodhani muktadha unaweza kushikwa tu wakati kazi inasimama na kuendelea kwenye thredi nyingine, kompaila yenyewe inakukatalia, haina haja ya kusubiri bagi (kosa la programu).

Hatua ya 3: anza na kinachopita kwenye waya

Kabla mtu hajaandika mstari wa kodi (ya kompyuta, si ya nyumba), andika faili za mfano: hali hii ikitokea, data inayotoka iwe hivi. Kazi moja ya kawaida, kazi iliyofeli, kazi zilizochukuliwa 50 kwa mkupuo, kazi yenye jina refu kupita kiasi, kazi isiyo na jina. Kila hali na faili yake ya JSON.

Ukitumia OTLP, itifaki ya OpenTelemetry ya kutuma data, umeokoa muda mwingi sababu umbo lake lipo tayari, ila kuna mitego miwili ya kujua mapema: kwenye JSON yake namba kamili za biti 64 zinaandikwa kama maandishi ndani ya alama za nukuu, na kitambulisho cha tresi kinaandikwa kwa heksadesimali ingawa kawaida ya protobafu (muundo wa data ambao OTLP inautumia) kwenye JSON ingekuwa base64. Mtu akitengeneza eksporta (kipande kinachotuma data nje) yake mwenyewe kwa haraka anajikwaa kwenye hizo mbili kila mara.

Hatua ya 4: waandike watu tofauti, na wasome mswada tu

Hapa ndo kuna siri yote. Mwandishi wa mswada asiandike prototaipu zote 3. Akiandika yeye atajaza mapengo kwa kichwa chake bila kujua, speki itasema "pima muda wa kusubiri" na yeye atajua moyoni kwamba alimaanisha tangu kazi ilipowekwa mpaka ilipochukuliwa, na atafanya hivyo sehemu zote tatu, matokeo yatalingana vizuri, na mtafurahi kwa kitu ambacho hakijaandikwa popote.

Mpe kila mtu mswada na zile faili za mfano, basi. Asitazame tawi la mwenzake. Akikwama asikuulize kwenye simu, aandike kwenye daftari la pamoja, sisi tulikuwa tunaliita daftari la maudhi. Kila udhi ni mstari mmoja: nilikuwa nafanya nini, mswada ulisema nini, nimeamua kufanya nini. Mwisho wa kazi daftari lile lina thamani kuliko kodi yenyewe, nasema kweli, kodi utaitupa.

Muda uwe mfupi, wiki 1 au 2. Kodi iwe mbaya tu, haina shida, isiwe na mipangilio mizuri wala nyaraka, ilimradi inatoa data ya kweli kupitia SDK (laibrari ya telemetria) ya kweli ya lugha hiyo. Prototaipu inayochapisha maandishi kwenye skrini haijajaribu kitu. Na ifanyike kwenye tawi la pembeni, isiunganishwe kwenye tawi kuu hata kama inafanya kazi vizuri, utaniambia.

Hatua ya 5: linganisha matokeo kwa mashine, usiyaangalie kwa macho

Washa kolekta moja (programu inayopokea telemetria), prototaipu zote zitume huko (4317 kwa gRPC, 4318 kwa HTTP, ndo poti za kawaida), kolekta iandike kila kitu kwenye faili. Halafu andika skripti ndogo inayosafisha: vitambulisho vya tresi na spani ibadilishe viwe majina ya kudumu, nyakati ziondoe au zigeuze ziwe tofauti kati yake, sifa zipange kwa alfabeti sababu kwenye Go ukizunguka ramani mpangilio unabadilika kila mara. Kisha linganisha na faili za mfano.

Sasa hapa ndo utamu. Nitakupa yale ambayo huwa yanatoka, ili ukiyaona usishangae.

Urefu wa maandishi. Tuseme mswada umesema "jina la kazi likatwe likizidi herufi 128". Herufi ni nini? Ile emoji ya uso unaocheka, Python itakwambia urefu wake ni 1, JavaScript na Java watasema 2, Go ukitumia `len` itasema 4 kwa sababu inahesabu baiti. Kila mmoja ametii mswada na kila mmoja amekata sehemu tofauti. Mbaya zaidi, ukikata katikati ya baiti za herufi moja kwenye Go unapata maandishi ambayo si UTF-8 halali, na protobafu inayakataa, na ukiwa unatuma kwa mafungu basi fungu zima linaweza kukataliwa kwa ajili ya emoji moja. Tulikaa siku nzima tunatafuta kwa nini data inapotea! Jibu kwenye speki lilikuwa sentensi moja: hesabu nukta za Unikodi, na usikate katikati.

Namba kamili na desimali. Tuseme una sifa ya kipaumbele cha kazi ambayo ni desimali, 0.5, 1.5, 2.0. JavaScript haiwezi kutofautisha 2.0 na 2, kwa hiyo laibrari inakisia, na makisio yake ni kwamba isiyo na sehemu baada ya nukta ni namba kamili. Kwa hiyo sifa ile ile kwenye data inakuwa desimali mara moja na namba kamili mara nyingine, na hifadhidata zenye aina kali zitaanza kulalamika au zitakutengenezea safu mbili. Suluhisho letu kwa mfano huu lilikuwa kuachana na desimali kwenye sifa, kipaumbele kiwe neno: `low`, `normal`, `high`. Bora zaidi hata kwa kusoma.

Ndiyo na hapana. Kwenye Python, kweli na si kweli ni aina ya namba kamili kwa chini, kwa hiyo mtu akikagua "je hii ni namba?" kabla ya "je hii ni ndiyo au hapana?" kila `True` yako inageuka 1. Hili si kosa la kiwango, ni bagi ya prototaipu, ila faili ya mfano ikilikamata leo itakuja kuwakamata na watekelezaji wengine kesho.

Kisichokuwepo. Go inatoa maandishi matupu pale ambapo Java inatoa null na JavaScript ina aina mbili za kutokuwepo. Andika wazi: kama huna jina, sifa isiwepo kabisa. Usiache kuliandika hilo.

Hatua ya 6: wavushe, mmoja atume mwingine apokee

Kila lugha ikijiongelesha yenyewe inaelewana, hata sisi binadamu tuko hivyo. Lugha 3 zinakupa jozi 9 za mtumaji na mpokeaji, zijaribu zote 9. Muktadha upite kwa `traceparent` ya W3C (shirika la viwango vya wavuti), ambayo imekuwa pendekezo rasmi tangu Februari 2020, umbo lake ni toleo, kitambulisho cha tresi cha herufi 32 za heksadesimali, cha spani herufi 16, na bendera:

`00-4bf92f3577b34da6a3ce929d0e0e4736-00f067aa0ba902b7-01`

Kwenye mfano wetu wa foleni hatua hii ndo iliyoua mswada wa kwanza, na sababu ni saa. Mswada ulisema muda wa kusubiri ni wakati wa kuchukuliwa kutoa wakati wa kuwekwa. Rahisi kabisa, mpaka ukumbuke kwamba wakati wa kuwekwa umesomwa kwenye mashine moja na wa kuchukuliwa kwenye nyingine, na saa za mashine mbili hazilingani kamwe. Foleni ikiwa haina kazi nyingi, kazi inachukuliwa ndani ya milisekunde chache, saa ya mpokeaji iko nyuma kidogo, unapata muda wa kusubiri ulio hasi. Histogramu (metriki inayohesabu thamani kwa makundi yanayoitwa ndoo) ya OpenTelemetry imetengenezwa kwa thamani zisizo hasi, kwa hiyo laibrari moja ikatupa kimya kimya, nyingine ikaandika onyo, na mtu wa tatu alikuwa ameshaweka kwenye kodi yake kwamba hasi igeuzwe sifuri bila kumwambia mtu. Tabia tatu tofauti kwa sentensi moja ya mswada.

Mtu akasema tutumie saa isiyorudi nyuma. Wazo zuri ndani ya mchakato mmoja, lakini halivuki: `System.nanoTime` ya Java mwanzo wake ni wa ovyo na hauna maana nje ya mchakato ule, Go nayo tangu 1.9 inabeba saa hiyo ndani ya `time.Time` ila ukiiandika kwenye ujumbe inadondoka njiani. Kwa hiyo jibu likawa: kama foleni yenyewe ina muhuri wake wa wakati tumia huo pande zote, kama haina tumia saa ya kawaida, hasi iandikwe sifuri, na kwenye nyaraka mwambie mtumiaji kwamba chini ya kiwango fulani hii namba asiiamini. Haipendezi, lakini ni kweli, na hakuna kikao ambacho kingeyajua haya kwa kukaa tu mezani.

Jambo la pili lililotoka hapa: mpokeaji anayechukua kazi 50 kwa mkupuo, mzazi wake ni nani? Spani inaweza kuwa na mzazi mmoja tu. Prototaipu ya Go ilichukua wa kwanza, ya Java ikatengeneza spani 50, ya JavaScript ikaacha bila mzazi. Tukahamia kwenye viungo, spani moja ya mpokeaji yenye viungo kwenda kwa watumaji wote.

Hatua ya 7: sekunde, milisekunde, na ndoo za histogramu

Naiweka peke yake kwa sababu inaumiza watu wengi. Ndoo za kawaida za histogramu kwenye OpenTelemetry zinaanza 0, 5, 10, 25, zinaendelea mpaka 10000, namba ambazo zina maana ukiwa unapima kwa milisekunde. Ukihamisha kipimo kwenda sekunde ukasahau ndoo, basi kila kitu chini ya sekunde 5 kinaangukia ndoo moja na grafu yako inakuwa mstari usiosema lolote. Metriki ya HTTP ilipohamia sekunde ilikuja na ndoo zake za kupendekeza, kuanzia 0.005 mpaka 10. Kwa hiyo kiwango chako kikitaja kipimo lazima kitaje na ndoo, na prototaipu ithibitishe kwamba kila lugha ina njia ya laibrari kupendekeza ndoo bila mtumiaji kuzisanidi kwa mkono. Kama kuna lugha ambayo SDK yake haina njia hiyo, umegundua kwamba kiwango chako kinategemea kitu kingine ambacho chenyewe hakijaiva huko.

Hatua ya 8: gharama

Fupi. Pima mara tatu: bila telemetria, telemetria ikiwa imezimwa, ikiwa imewashwa. Tumia kipimio cha lugha husika, `testing` ya Go, JMH ya Java, BenchmarkDotNet. Usilinganishe Go na Python, haina maana, linganisha kila lugha na yenyewe. Ile ya katikati ndo watu wanaisahau: laibrari yenye telemetria ndani itatumiwa na watu wasioitaka kabisa, na kama mswada wako unalazimisha kutengeneza maandishi au ramani ya sifa kabla ya kujua kama kuna anayesikiliza, wote hao wanalipa bure. Angalia hesabu ya kumbukumbu inayotengwa kwa kila wito, inasema mengi kuliko nanosekunde.

Hatua ya 9: mpe anayetazama dashibodi

Mtafute mtu ambaye hakuandika chochote, mwonyeshe data ya lugha zote 3 zikiwa zimechanganywa, mwambie: nitengenezee aleti (onyo) ya foleni iliyochelewa. Usimwelekeze. Akiandika swali moja likafanya kazi kwa lugha zote, vizuri. Akianza kuandika "kama ni Java fanya hivi, kama ni Node fanya vile", rudi hatua ya 1 bila kubishana. Kwetu alikwama kwenye jina la foleni, maana foleni za muda zenye majina yanayotengenezwa kila ombi ziliingia kwenye sifa ya metriki na idadi ya mifululizo ya data, kila jina na wake, ikapaa. Sifa ile ikahamishiwa kwenye spani peke yake, na kwenye metriki ikabaki jina la kiolezo, lile la jumla lisilobadilika.

Hatua ya 10: toa kama majaribio, kwa namna ambayo lugha inaielewa

Mkishasahihisha mswada na kurudia hatua za 5 na 6 mpaka daftari la maudhi liwe kimya, bado usiseme imara. Toa kama majaribio watu wa kweli watumie. Ila kila lugha ina namna yake ya kusema "hii inaweza kuvunjika": upande wa Java OpenTelemetry wanaweka `-alpha` kwenye toleo la kifurushi, Python wameweka alama ya `_` mwanzoni mwa jina la moduli kama `_logs`, Go unaweka moduli tofauti yenye toleo la 0, na .NET kifurushi imara kikitegemea cha majaribio zana zenyewe zinapiga kelele. Kwa hiyo usiandike kwenye speki "weka kwenye kifurushi cha majaribio" ukadhani umemaliza, ulizia kila timu wataweka wapi.

Hapa pia ndo jaribio la lile suala la kukua kwa API nililolitaja juu. Jifanye umesahau kitu, ongeza mbinu moja mpya kwenye kiolesura, uone nani anavunjika. Java tangu toleo la 8 inaruhusu mbinu yenye utekelezaji wa kawaida kwa hiyo wa zamani wanaendelea. Go ukiongeza mbinu kwenye kiolesura, kila aliyekitekeleza nje anavunjika saa hiyo hiyo, ndo maana OpenTelemetry ya Go inalazimisha watekelezaji wapachike aina maalum ndani ili wachague mapema wakitaka kuvunjika au la. Na Go kuhamia toleo la 2 maana yake ni kubadilisha njia ya kuingiza moduli kwa kila mtumiaji. Bora ujue leo.

Hatua ya 11: lini sasa?

Mimi ninachodai kabla ya muhuri: angalau lugha 3 zinazopingana zimepita faili zote za mfano, jozi zote za kuvuka zimepita, kuna watu nje ya timu wanaoitumia kwenye mfumo wa kazi halisi, maswali yote ya mswada yamejibiwa au yameondolewa pamoja na kipengele chake, na matoleo 2 yamepita bila mtu kuhitaji kubadilisha kitu kilichopo. Usikubali hoja ya "tumechelewa". IETF nao zamani kwenye RFC 2026 ya 1996 walidai utekelezaji huru angalau 2 unaoelewana kabla kiwango kilichopendekezwa hakijapanda daraja kuwa "Draft Standard", na wale wanaandika viwango vya intaneti nzima. Kinyume chake pia kipo, kuna watu wanaogopa muhuri mpaka kila mtu anatumia "majaribio" kwa miaka na hakuna tofauti tena, hiyo nayo ni kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Na unaweza kupiga muhuri kipande. Kwenye mfano wetu metriki iliiva, viungo vya tresi bado, tukaandika imara juu ya metriki peke yake, viungo vikabaki majaribio kwenye ukurasa huo huo na alama yake.

Halafu matawi ya prototaipu yafute. Yafute kweli, sababu kuna mtu ataliona tawi la Go linafanya kazi, ataliingiza kwenye mradi wake, na baada ya mwaka utakuta unadaiwa utangamano na kodi iliyoandikwa kwa wiki moja na mtu aliyekuwa anachukia kila mstari. Kinachobaki ni folda ya faili za mfano, skripti ya kusafisha na daftari la maudhi, vyote vikae kando ya speki. Lugha ya 4 ikija kuomba kujiunga, mpe mswada na folda hiyo, usimpe kodi ya mtu yeyote, na mfungulie daftari jipya.